Niliagiza saklipu Kasese, nikajikuta nimechumbia

Wakuu, wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari za huko mliko.

Mimi ni msomaji wa pembeni hapa jukwaani. Nasoma nyuzi zenu nikisubiri wateja, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo nimeona na mimi nilete ya kwangu. Yote mtakayosoma yametokea. Sisi watu wa Kasese chumvi tunayo nyingi pale Katwe, hatuna haja ya kuitia kwenye maneno.

Mtanivumilia kwa uandishi. Kwanza Kiswahili changu ni cha kambini, nitaeleza. Pili, kidole changu kimoja cha mkono wa kushoto kina shida tangu jana jioni, kwa hiyo naandika taratibu. Hiyo shida nitaieleza mwisho, maana ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi.

Twende.

Kuna kitu kinaitwa saklipu. Mafundi mnaijua, rukeni hii aya.

Kwa wasioijua, ni kipete cha chuma cha springi ambacho hakijafunga mzunguko. Kimeachwa wazi kidogo, na kwenye zile ncha mbili kuna vimasikio vyenye matundu. Unaingiza plaizi yake kwenye matundu, unaipanua, unaivisha kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti, unaachia. Inauma pale. Kazi yake ni kuzuia kitu kisichomoke. Puli, beringi, gia, chochote kilichovishwa kwenye shafti, saklipu ndiyo inakiambia wewe kaa hapo.

Kakitu kadogo kabisa, lakini ikivunjika mashine nzima inasimama.

(Ukiitoa, funika na kiganja. Ikikuponyoka inaruka vibaya sana. Mimi moja iliniruka ikaingia kwenye sufuria ya maharage ya jirani, tukaja kuipata wakati wa kula.)

Sasa shikeni hili, maana kisa chote kimesimama hapo. Kasese mjini, kwenye maduka ya spea, kitu hiki kinaitwa saklipu. Ukifika Bwera, kule mpakani, hakuna anayesema saklipu. Kule ni pete. Pete ya puli, pete ya beringi. Ukisema saklipu Bwera watakuuliza ni dawa ya ugonjwa gani.

Basi.

Mimi ni mtoto wa barracks. Baba ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa West Nile. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa Mteso. Walikutana kambini, wakatuzaa kambini, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Watu wakiniuliza kabila nasema Kiswahili, wanacheka, ila sitanii. Na chenyewe kilikuwa Kiswahili cha amri. Baba hata chai alikuwa anaiomba kama anapeleka watu mstari wa mbele.

Nilipomaliza kozi ya ufundi sikutaka jeshi. Nikapata kazi Bwera, kuendesha mashine ya kusaga ya mama mmoja tuliyemwita Mama Thembo. Mjane, mzaliwa wa ng'ambo, upande wa Congo, aliyeolewa huku. Sauti yake ilikuwa ya pole, lakini ukimchezea utajuta. Alikaa mlangoni kutwa nzima juu ya sanduku la mbao lililopinduliwa juu chini, anapokea mihogo na mahindi ya watu, anawatania. Lile sanduku lilikuwa kiti chake, hakuna mwingine aliyethubutu kulikalia. Hata kufagia tulifagia kulizunguka.

Wakuu, nikiikumbuka ile mashine moyo unanilainika.

Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, wanawake walishuka kutoka Nyakiyumbu na mizigo kichwani, wengine wakavuka kutoka ng'ambo, foleni inafika barabarani. Unga wa mihogo unajaa hewani, mpaka jioni nyusi zangu nyeupe kama za mzee. Injini ilikuwa na kelele hivi kwamba watu waliongea kwa mikono. Mimi nilijua kusoma midomo ya Kikonzo kabla sijajua kukiongea chenyewe. Mtu akija kunishukuru, naona tu mdomo umesema wasingya, sauti imemezwa.

Halafu asubuhi kabla sijawasha. Kimya. Kama mawingu yameondoka unaiona theluji ya Rwenzori kule juu, na Mama Thembo ananimiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati. Hatukuwa tunasemeshana lolote la maana. Sijui kwa nini ndiyo ninayoyakumbuka zaidi.

Spea tulinunua Kasese. Kulikuwa na duka la mzee mmoja anayeishi Bulembia, kwenye zile nyumba za zamani za mgodi. Duka lenyewe aliliendesha mpwa wake, mtoto wa dada yake wa Kisinga. Anaitwa Masika.

Hapa naomba nivute pumzi kidogo.

Masika alikuwa na utaratibu wake. Kwake huendi na maneno, unakwenda na sampo. Saklipu ya zamani unaifunga kwenye kikaratasi, unampa, yeye anaifungua. Sasa wenzake wote walipima kwa kipimo. Yeye hapana. Saklipu ndogo alikuwa anazipima kwa vidole vyake. Anaivisha hapa, hapana, anaivisha pale, ndiyo. Hii ni ya gumba, hii ni ya kidole cha kati, hii ni ya kidole cha mwisho. Halafu anaivua, anageuka kwenye viboksi vyake, anakutolea mpya, na ukifika nyumbani inaingia barabara.

Mara ya kwanza nilidhani anacheza. Mara ya pili nilienda nikiwa sina shida ya spea.

Tangu hapo nikawa mteja. Nanunua saklipu moja moja. Nikipita karakana yoyote nikaona saklipu mbovu imetupwa chini, naiokota, hiyo ndiyo sampo yangu ya safari ijayo. Zile mpya nikawa naziweka kwenye mkebe wa majani ya chai kwenye rafu ya mashine. Ukajaa. Mashine yetu ilikuwa na saklipu chache sana, wakuu. Mimi nilikuwa na za kutosha kufungua tawi.

Mama Thembo alikuwa anautazama ule mkebe, ananitazama mimi, anaendelea kuhesabu magunia yake.

Mtaniuliza mbona hukusema na msichana. Nilijaribu. Kila nikifungua mdomo pale kaunta inatoka saklipu. Isitoshe mimi ni mtoto wa kambi, sina ukoo hapa, sina mlima, sina shamba la kahawa la babu. Wakonzo ndio wenyeji wa milima hii, msichana gani wao angeniangalia mara mbili? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nikajizoesha.

Ngoja nimhudumie mteja, narudi.

Nimerudi.

Basi Jumatatu moja Kule akaniletea habari. Kule ni jina la mtu, dereva wa gari la abiria la Kasese na Bwera, rafiki yangu hadi leo, mdomo wake haujui kupumzika. Alikuwa ananiita Afande kunikejeli, sababu nilikataa jeshi. Siku hiyo hakunikejeli. Akaniambia, Afande, kuna bwana mwenye malori ya mchanga, watu wake wanakwenda Bulembia Jumamosi kwa mjomba wake Masika. Wanakwenda kuongea mambo ya mbuzi.

Kwa Wakonzo mahari ni mbuzi. Wakishaanza kuongea mbuzi, wewe mwingine huna chako.

Sikula siku hiyo. Banange, nilikaa na lile sinia la ugali wa mihogo mpaka Mama Thembo akaliondoa mwenyewe. Akamuuliza Kule kulikoni. Kule, na mdomo wake, akasema yote.

Kesho yake ikawa Jumanne, soko limejaa, foleni mpaka barabarani, na pete ikavunjika.

Ilikuwa pete ya ile puli ndogo ya kukaza mkanda. Sikio moja lilikatika, pete ikapanuka, puli ikatembea mpaka ukingoni mwa kipini, kile kishafti chake, mkanda ukaruka. Nilikimbia nyuma kuzima injini. Kikawa kimya kile ambacho mwenye mashine hapendi kukisikia, wanawake wote wanakugeukia na mabeseni yao.

Sikuwa na wasiwasi. Mtu mwenye mkebe mzima wa saklipu atahangaika na nini? Nikaenda kwenye rafu.

Mkebe haupo.

Nikatafuta chini ya rafu, nyuma ya pipa la dizeli, kwenye magunia. Hakuna. Nikamuuliza Mama Thembo, yuko pale pale amekaa kwenye sanduku lake, anafuta unga usoni na kitenge.

"Mukebe? Tafuta vizuri, mutoto yangu. Miye siko mulinzi wa mikebe."

Nikatafuta vizuri. Nikamshuku kila kijana wa vyuma chakavu pale Bwera. Nikajaribu waya, nikaifunga pale badala ya pete, nikawasha, ikazunguka kidogo, ikakatika. Wanawake wakaanza kuondoka na mihogo yao kwenda kwa jirani.

Ndipo Mama Thembo akaninyooshea mkono. Lete hiyo pete iliyovunjika, miye nitamutuma Kule. Nikampa. Sasa sisi siku zote sampo tunaifunga kwenye karatasi. Yeye akakata kipande cha kitenge chake kipya, chekundu, akaifungia humo, akapiga fundo zuri. Niliona, lakini akili yangu ilikuwa kwenye foleni.

Mtauliza mbona sikupiga simu. Waliowahi kukaa Bwera wanajua. Simu inajishikia yenyewe network ya ng'ambo, unasema haloo, airtime imekwisha. Ujumbe wetu ulikwenda kwa madereva, kwa mdomo.

Na ujumbe aliopewa Kule ulikuwa huu, niliusikia kwa masikio yangu nikiwa nimeinama kwenye puli:

"Ule binti wa duka, umuambie hivi: mutu yangu wa mashini anaomba pete."

Nikaona sawa. Si ndivyo tunavyosema Bwera? Kule akaondoka.

Jioni nikasikia honi yake. Nikatoka mbio na plaizi mkononi, nikajua nafunga pete, nawasha, angalau wateja wa mwisho wapate unga. Kule akashuka mikono mitupu. Akaniangalia kama mtu anayeona kitu kipya.

Nikamuuliza saklipu iko wapi. Akasema, Afande, hebu kaa chini kwanza.

Yaliyotokea Kasese ni haya, kama alivyonisimulia Kule.

Alifika dukani akakuta watu, na mjomba mwenyewe yupo siku hiyo, amekuja kukagua mali. Kule hana sauti ya chini. Akasimama mlangoni akatangaza kama anaita abiria: Masika, yule bwana wa mashine ya Bwera anaomba pete.

Mama mmoja aliyekuja kununua mshipi wa cherehani akaweka pochi yake juu ya kaunta asubiri mwisho.

Masika akapokea kile kitenge, akafungua fundo taratibu. Akaitoa pete, akaigeuza. Halafu akafanya kama anavyofanya siku zote, akaipima. Kile kipini cha puli ya kukaza mkanda kilikuwa na saizi yake, wakuu, na saizi yake ni kidole kile cha karibu na cha mwisho, mkono wa kushoto. Ikaingia.

Siku zote akishapima anavua. Siku hiyo hakuvua.

Mjomba akauliza ni nini hicho. Masika akajibu kimetoka Bwera. Akageuka akamuuzia yule mama mshipi wake na pete iko kidoleni, akauza nati na bolti na pete iko kidoleni. Kule amesimama tu hajui aende au abaki. Mwisho akamwita pembeni akampa jibu la kunifikishia. Mwambie sampo imebaki huku. Aje mwenyewe, aje na wazee wake, na aje kabla ya Jumamosi.

Nikaiweka plaizi chini.

Lakini kichwa changu cha fundi kikakimbilia kwingine. Nikasema Mungu wangu, msichana wa watu amenielewa vibaya, kwa sababu sisi tunasema pete, wao wanasema saklipu. Kesho asubuhi Kule arudi haraka amweleze ni spea, asije akaaibika mbele ya mjomba wake.

Mama Thembo alikuwa anafunga mlango. Akaacha kufuli likining'inia.

"Ile kitu iko pete ao haiko pete?"

Nikasema ni pete, Mama, lakini...

"Uliiomba ao haukuiomba?"

Niliiomba, lakini...

"Na ule binti unamupenda ao haumupendi?"

Hapo sikuwa na lakini. Mama Thembo akabana kufuli, akasema kesho mashini haisagi, kesho unakwenda kwa baba yako, na akaenda zake kupika.

Baba anaishi karibu na barracks mpaka leo, ana chumba na bustani ya mihogo iliyopandwa kwa mistari ya gwaride. Nilimweleza yote tangu mwanzo, saklipu, pete, kitenge, Kule. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Huyu msichana unamtaka?"

Ndiyo, afande. Sisi nyumbani baba tulimwita afande, msicheke.

"Sasa kwa nini unaniletea ripoti ya chuma?"

Akaingia ndani kupiga viatu rangi.

Ujumbe wetu ulikwenda Bulembia Alhamisi mchana. Baba, Mama Thembo, Kule kama dereva na shahidi, na mimi. Njiani baba akauliza ng'ombe wangapi. Mama Thembo akamwambia hapa ni mbuzi. Baba akasema mbuzi ni kitoweo, mtu hawezi kuoa kwa kitoweo. Mama Thembo akamjibu afande, huku milimani ng'ombe atapandia wapi? Wakabishana hivyo mpaka tunavuka mto Nyamwamba, na mimi nikashukuru maana nilipata muda wa kuogopa bila kuonekana.

Mjomba alitupokea vizuri. Chai, mkate, salamu za kila mtu. Masika alikuwa amekaa kwenye mkeka na shangazi yake, hatazami upande wetu. Mkono wa kushoto ameuweka juu ya goti, na ile pete ya sikio moja iko pale pale.

Mjomba akaweka kikombe chini.

"Kijana, mimi nimeuza spea maisha yangu yote. Kile ni saklipu. Sasa niambie ukweli, maana Jumamosi nina wageni na sitaki kuchekwa. Ulituma kuomba spea, au ulituma kuomba mtoto?"

Wakuu, niliona njia mbili. Nikisema nilituma kuomba mtoto, ni uongo, na huyu mzee anajua. Nikisema spea, imekwisha, tunakunywa chai tunaondoka, na Jumamosi watu wa malori wanaingia mlango ule ule. Baba ananitazama. Mama Thembo anautazama mkate.

Nikasema, "Mzee, Jumanne niliomba spea. Lakini zile saklipu zote nilizonunua kwako kabla ya hapo, mashine haikuwa na shida nazo."

Mjomba hakucheka. Alikaa kama mtu anayejumlisha kichwani, nadhani alikuwa anakumbuka mara alizoniona pale kaunta. Halafu akamgeukia mpwa wake.

"Na wewe Masika. Saklipu huijui?"

"Naijua, Mjomba," akasema. Sauti haikutikisika. "Lakini Bwera inaitwa pete, na mimi nimeombwa kutoka Bwera."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika mdomo. Kisha mjomba. Kisha baba akacheka, na mimi cheko la baba nilikuwa sijalisikia tangu mama afariki. Hiyo siku siisahau, nikizeeka nikasahau jina langu hiyo nitabaki nayo.

Wakaanza kuongea mbuzi.

Bwana wa malori alijulishwa kwa heshima. Alioa kwingine, ana watoto wazuri, na ni mteja wetu wa beringi. Hakuna kinyongo.

Wakati tunaondoka Masika alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nikadhani ataniambia neno la mapenzi. Akaingiza mkono mfukoni akanitolea saklipu mpya. Akasema, hii ni ya puli, wale akina mama wasilale bila unga. Ijumaa mashine ikaunguruma, foleni mpaka barabarani.

Ile ya sikio moja hakuirudisha. Kanisani tulivalishana za kawaida, lakini yeye ile ameifunga kwenye funguo za duka mpaka leo.

Miaka ikapita. Mjomba alipochoka kazi duka akamwachia Masika, nami nikahamia Kasese, nina karakana yangu hapo nyuma ya duka. Bwera zikaingia mashine za umeme, ndogo, hazina kelele, mtu anasaga huku anaongea na simu. Injini yetu ikaanza kuwashwa siku za soko tu, baadaye hata siku za soko hapana. Mama Thembo hakuacha kukaa mlangoni. Nilikuwa nikimtembelea namkuta juu ya sanduku lake, mashine imezima, anatania wapita njia.

Mwaka jana alifariki. Tulimzika kwao, ng'ambo. Baba alisimama kaburini akapiga saluti, yule mama ambaye hakuwahi kushika hata bunduki.

Sasa jana wapwa zake waliniita Bwera. Wanauza kile kibanda, injini inakwenda kwa watu wa vyuma chakavu, wakaona mimi ndiye niifungue. Nilikwenda. Nilifungua bolti moja moja, sikuharakisha. Ile puli ndogo niliitoa mwisho.

Kibanda kilipobaki kitupu, nikaona sanduku bado liko mlangoni. Nikasema hili siliachi lichomwe kuni, nalibeba. Nikaliinua.

Chini yake, juu ya sakafu, kuna mkebe wa majani ya chai. Umegandwa na unga wa miaka mingi.

Nilikaa chini pale pale, wakuu. Nikaufungua na bisibisi. Saklipu zangu zote, kila saizi, zinang'aa kwa grisi kama nilivyoziacha. Juu kabisa, ya puli ya kukaza mkanda.

Yaani nilipokuwa nachakura magunia na kuwatukana vijana wa vyuma chakavu, alikuwa ameukalia. Aliniambia nitafute vizuri, na alikuwa ameukalia.

Nililia. Sioni aibu kusema. Nilimlilia kuliko siku ya mazishi.

Jioni nikauweka mkebe mezani mbele ya Masika. Akautazama. Akatabasamu.

Kumbe alikuwa anajua! Siku ya harusi, akina mama wanamvisha, Mama Thembo alimnong'oneza yote. Kwamba nilipokimbia kuzima injini, aliuchukua mkebe kwenye rafu akaufunika na sanduku, akakaa. Nikamuuliza mke wangu, miaka yote hii unanificha? Akasema hakuniambia kwa sababu Mama Thembo alimwomba aniache niupate mwenyewe, siku nitakayokiinua kile kiti chake.

Basi akaumwaga mkebe mezani, akaanza kuzipima kwenye vidole vyake moja moja, kama zamani pale kaunta, na mimi nikakaa namwangalia, kama zamani. Alipoifikia ile ya puli akasimama. Akasema, hii ndiyo iliyokosekana Jumanne ile. Akachukua mkono wangu wa kushoto, akanivisha. Kifundo changu kimenenepa, akasukuma kwa nguvu, ikapita.

Kuitoa, haitoki. Tumejaribu sabuni, tumejaribu mafuta ya kula. Plaizi ilikuwa dukani.

Ndiyo hiyo shida ya kidole niliyowaambia.

Nilichojifunza ni hiki. Wewe fundi, nunua saklipu mbili mbili, na ya pili usiiache ambapo mwenye mashine anaiona. Na wewe unayekwenda dukani kila wiki kununua usichokihitaji, sema. Wanaokuzunguka wameshajua, wanakusubiri wewe tu, na si kila mtu atapata mama wa kumkalia mkebe.

Karibuni kwa maoni, na mniambie kwenu kitu hiki mnakiitaje. Matusi ya kumwita baba yangu mchoyo wa ng'ombe sitayajibu.

Sasa hivi niko dukani. Plaizi ya saklipu imening'inia ukutani hapa mbele yangu, nikinyoosha mkono naifikia. Tangu asubuhi wateja wananiuliza mbona siitumii.